Mdhamini wa Shangazi

Kisa hiki alinisimulia Rehema, binti wa shangazi yangu, nyumbani kwake Rayners Lane, huko ughaibuni, wiki mbili baada ya Idi. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali kutia saini fomu ya majaribio ya dawa ya figo. Fomu ilitafsiriwa Kiswahili, na shangazi akaisoma mwenyewe mpaka penye "mdhamini wa utafiti".

"Alhamdulillahi, nina mdhamini. Nikidhurika atasimama."

"Siye huyo, mama. Hapa ni anayelipia majaribio. Ni kampuni inayotengeneza dawa."

Kalamu ikasita. "Yaani muuzaji ndiye mpimaji?"

Muuguzi akaeleza, Rehema akitafsiri, kwamba wanaopima ni madaktari wa hospitali na kamati huru inawasimamia.

"Na matokeo yakiwa mabaya, nani ataamua yatangazwe?"

Muuguzi akapekua fomu mara mbili, akasema ataulizia.

Kwetu mdhamini ndiye anayekuja polisi kukutoa kwa dhamana, hivyo mfasiri hakukosea sana: kila mmoja pale, hata muuguzi, alihitaji wa kumtoa. Shangazi hakutia saini. Jibu halijaja. Shangazi yu hai, nimempigia asubuhi hii, ila figo hazingoji majibu.