Roberta na Zizi la Mzee Orrin

Saa moja asubuhi, Jumamosi, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Roberta Tatro anashuka kilima polepole, kamera shingoni, betri ya akiba kwapani.

"Ukiiacha mfukoni, baridi inainyonya kama ndama," anasema.

Roberta, 58, ni dereva wa basi la shule huku kaskazini mwa Vermont. Jumamosi za baridi hutembea mashambani akipiga picha. Miaka sita sasa, picha moja lazima iwe ya zizi la jirani yake, Mzee Orrin Wheelock, 88, aliyehamia nyumba ya wazee baada ya kuvunjika nyonga.

Leo ndiyo Jumamosi ya mwisho. Paa limebonyea kwa theluji, na Jumatatu zizi linabomolewa.

Roberta ana sharti moja: theluji iliyo mbele ya zizi haikanyagwi. Yeye huzunguka kando ya ua, mwendo wa nusu saa.

Mwandishi wa makala haya, kwa kiherehere chake, akaenda moja kwa moja mlangoni kuchungulia.

"Wewe! Rudi!" Roberta akapiga kelele. "Aa, usirudi, utaongeza!"

Theluji nyingine haitarajiwi hadi Jumatano. Roberta alipiga picha hivyo hivyo. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Adhuhuri, katika nyumba ya wazee, Mzee Orrin anaisogeza kamera hadi kwenye miwani.

"Nani huyu kapita hapa?"

"Mwandishi huyu, mzee. Kaniharibia. Nisamehe."

"Kaharibu nini?" Mzee haondoi macho kwenye picha. "Miaka sita unaniletea zizi lisiloendewa na mtu. Nilikuwa naumia, nikanyamaza nisikuudhi. Mimi nilikwenda kukamua mara mbili kwa siku, miaka hamsini na mbili. Theluji ilikanyagwa mpaka udongo ukaonekana."

"Miaka sita, mzee! Na mimi nanyatia kando ya ua kama mwizi!" Roberta anacheka huku anafuta machozi.

"Hukuuliza." Mzee anamtazama mwandishi. "Ila huyu ni wa mjini. Ona nyayo zake zilivyopepesuka. Roberta, buti zangu zipo chini ya kitanda."

Zinamzidi Roberta namba tatu. Kesho, anasema, atazivaa na kutoka mlango wa jikoni kwa mzee hadi mlango wa zizi, aende na kurudi, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Kisha atapiga picha.