Mtoto wa Sahani Moja

Hasira zangu ziko karibu, na sitajisafisha hapa. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wa Kinyarwanda. Nilipokuja Kigali nikiwa binti mkubwa, mdomo wangu nilikuja nao. Ndiyo maana wazazi wa shule yetu ya msingi hapa Kinyinya walinichagua kwenye kamati ya chakula: kwenye mkutano nilikuwa nimefoka mpaka sauti ikakauka kwa sababu ya maharage yenye mawe. Mwenyekiti akasema, basi njoo uyachambue mwenyewe. Watu wakapiga makofi, na mimi nikakubali kwa hasira zilezile.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Kila siku ikikaribia saa sita naacha nguo za watu, najifunga kanga, nashuka shuleni. Kazi yangu ya kwanza ni kuonja chakula kabla ya watoto. Ya pili ni kusimama kando ya foleni na kuhakikisha kila mmoja amepata. Ya tatu ni kupokea barua za familia zisizo na uwezo. Serikali inatoa fungu lake na mzazi anaongeza mchango. Asiyeweza anakwenda kwa mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa kitongoji chetu. Jina lake linatajwa kwenye mkutano unaofuata umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majirani wanathibitisha, anaandikiwa barua, na barua inaletwa kwangu. Kuanzia siku hiyo mtoto anakula kama wenzake.

Yule msichana aliingia kwa barua ya namna hiyo, darasa la kwanza, mwanzoni mwa muhula. Barua aliileta bibi yake, mwanamke mkimya ambaye hakuniangalia usoni. Walikuwa wageni mtaani, hata nyumba yao sikuijua. Mtoto mwenyewe hakuwa na cha kumtofautisha. Kichwa kimenyolewa kama cha watoto wote wa shule, gauni la buluu limechakaa kolani, sweta kubwa kuliko yeye. Nilimwonyesha pa kunawa mikono, nikamwonyesha benchi la darasa lake, akanishukuru kwa mikono miwili.

Kesho yake alisimama katikati ya uwanja na sahani yake, akageuka huku na huku. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hajui pa kunawa.

"Jana si nilikuonyesha?"

Akatazama chini. "Ndiyo," akasema, lakini hakusogea.

Nikamwonyesha tena. Sikuona ajabu, watoto wa darasa la kwanza wanasahau hata viatu. Siku ya tatu akaenda kunawa mwenyewe, tena kwa haraka, na aliponipita akatabasamu. Siku ya nne akanipita kama hajawahi kuniona maishani mwake.

Hapo ndipo nilianza kumtazama, na nilivyozidi kumtazama ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Siku moja kijiko kiko mkono wa kulia, siku ya pili kiko mkono wa kushoto, na mikono yote miwili inajua kazi. Siku moja anakula dodo, yaani mchicha, kwanza, kesho yake anayasukuma pembeni. Kitu kimoja tu hakikubadilika: akifika nusu ya sahani anaacha. Anatoa kopo la maziwa ya unga ndani ya sweta, anapakia nusu iliyobaki, anafunika, analirudisha kwapani. Watoto wenzake walikuwa wamemwachia nafasi kwenye benchi, pa kukaa mtu mmoja kila upande. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Nikamuuliza mwalimu wake. Mwalimu ni kijana mpole, akanivuta pembeni ya mlango. "Mama, huyo mtoto ananichosha akili. Leo anasoma ubao wote, kesho herufi nilizomfundisha hazipo. Keshokutwa zimerudi. Nilidhani ana kifafa."

Mpishi wetu mkuu alikuwa na maoni yake. Ni mwanamke wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, Mwislamu, anapanda basi alfajiri kuja kuwasha jiko, na Kiswahili chake ni kile cha kwao. Mimi na yeye tunapenda kusemana. Huwa ananiita Mtanzania wa kujifanya, mimi namwita mwanajeshi kwa jinsi anavyoshika ule mwiko wake mrefu. Siku hiyo hakutania. "Dada, huyu mutoto iko na mambo," akasema, huku anakoroga kawunga, ule ugali wa mahindi. "Nikimuwekea chakula, siku ingine ananijua, siku ingine hanijui. Macho ni ile ile. Lakini mwenye kuangalia si yeye."

Nikamwambia aache ushirikina, watoto wana njaa. Lakini mikono yangu ilikuwa na vipele vya baridi, na jua lilikuwa kali.

Alhamisi moja, mvua ikiwa imenyesha asubuhi, mtoto aliteleza pale kwenye mabomba. Goti la kulia likachunika vibaya, ngozi ikabanduka, damu ikashuka mpaka kwenye soksi. Hakulia hata kidogo. Mpishi alimwosha kwa maji ya chumvi, mimi nikachana kipande cha kitenge nilichokuwa nacho mfukoni, chenye maua ya njano, nikamfunga. Nikaona nyama nyekundu kwa macho yangu. Nikamwambia asilifungue mpaka Jumatatu.

Ijumaa alikuja kwenye foleni bila kitambaa. Nikamkemea palepale, nikapiga magoti kumtazama kidonda. Goti lilikuwa zima. Nikatazama la pili, nalo zima. Hakukuwa na kovu wala mkwaruzo wala gamba, ni ngozi kavu ya mtoto yenye vumbi.

Nilikaa pale chini nimemshika miguu. Mpishi alichungulia juu ya sufuria, akaona nilichokiona, upawa ukamtoka mkononi ukazama kwenye maharage. "Bismillahi," akasema. "Mimi nilimuosha hiyo goti na mikono yangu."

"Kidonda chako kiko wapi?" nikamuuliza mtoto.

Akafikiri kwanza. Nikaona anatafuta jibu mahali fulani ndani, kama aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. "Kimepona," akasema.

Sala zangu zote zilinipotea. Nilitaka kukimbia, kusema kweli, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu. Lakini alinyoosha sahani yake, na mpishi, Mungu ambariki, akamjazia.

Shule ilipofungwa nikamfuata. Nilijiambia naenda kujua ukweli. Ukweli ni kwamba nisingelala siku hiyo bila kujua nimemshika nini. Alitembea haraka, kopo kwapani, akashuka upande wa bondeni ambako nyumba mpya zinajengwa, nyingine zimeachwa nusu wenyewe wakitafuta uwezo. Ukungu wa mvua ulikuwa umekaa juu ya matofali. Mafundi walikuwa wameshaondoka, na hakukuwa na sauti yoyote ila turubai linalopigwa na upepo. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Akaingia kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na milango wala madirisha. Nilimwona kwa macho yangu akipotelea kwenye giza la mlango wa chini. Nikainua macho, kwa kuwa kitu fulani kilinifanya niinue, na kwenye tundu la dirisha la juu alikuwa amesimama yeye. Kichwa kilekile, uso uleule, ananitazama. Hakuna mtu anayeweza kupanda ngazi haraka hivyo. Na kwenye goti, chini ya kigauni kilichochanika, palikuwa na maua ya njano ya kitenge changu.

Nilipiga kelele. Jamani, nilipiga kelele mpaka nikajisikia aibu baadaye. Bibi yake akatoka mbio na ndoo ya maji mkononi, na nyuma ya sketi yake akatoka mtoto mwenye sweta na kopo, kisha yule wa juu akashuka akichechemea, akasimama kando ya mwenzake. Mapacha. Wawili, wamefanana mpaka kwenye kucha, na gauni la shule ni moja.

Woga uliponitoka, hasira ikaingia palepale. Nikafoka kwamba wamedanganya shule, kwamba mwalimu anadhani mtoto ni mgonjwa, kwamba mimi nimekaa vumbini nikidhani nimeshika mzimu. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ndoo chini, na mwanamke aliye sawa na mama yangu mzazi akapiga magoti mbele yangu kwenye kokoto.

"Usiwaondolee sahani," akasema. "Nafuata sheria. Sijazidisha. Anakwenda mmoja tu."

Sikumwelewa. Nikamwinua, nikamkalisha kwenye tofali, nikamuuliza sheria gani. Akanieleza polepole. Mama wa watoto alikwenda kutafuta kazi nje ya nchi, habari zake zikakatika. Yeye akaja Kigali, akapata kazi ya kulinda nyumba hii ya watu, wakilala humo humo. Alisikia kuhusu barua, akaja kwenye mkutano wa mudugudu baada ya umuganda. Kabla ya zamu yake alisimama baba mmoja, fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, akaomba barua ya watoto wanne.

"Na wewe ulikuwa umekaa mstari wa mbele," bibi akasema. Hakulisema kwa ubaya. "Walikuwa wamekutambulisha kuwa wewe ndiye wa chakula cha shule."

Nikakumbuka. Siku ile jua lilikuwa limenichoma, jembe limenitoa malengelenge, na nikasema kwa sauti, ili watu wasikie: hii ni shule au harusi? Kila nyumba ikileta ukoo mzima, watoto wa wengine watakula nini? Watu walicheka sana. Nami nikafurahi kwamba wamecheka. Zamu ya bibi ilipofika akasimama, akaulizwa ana watoto wangapi wa shule, akasema mmoja.

Sheria hiyo haipo, haijawahi kuwepo. Yule fundi alipata barua ya wote wanne wiki hiyohiyo, maana shule haimnyimi mtoto chakula kwa sababu ana ndugu. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Lakini bibi alikuwa ameshaondoka, amebeba kauli yangu kama amri: nyumba moja, sahani moja. Akamwandikisha mmoja. Akawapangia siku, leo huyu, kesho yule, gauni likifuliwa na kukaushwa juu ya moto. Kila jioni aliyekwenda alimsimulia aliyebaki yaliyotokea: nani alisema nini, maji yako wapi. Mara nyingine alisahau kusimulia. Na kopo lilikuwa la aliyebaki.

Nililia. Sina namna ya kulipamba hilo. Nililia nimeshika mkono wa yule bibi, nikamwomba radhi, naye akanibembeleza, jambo lililonichoma zaidi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa mkuu wa mudugudu, bibi na mimi. Aliandika barua mpya yenye majina mawili bila kungoja mkutano, akasema majirani watathibitisha baadaye. Mwisho wa juma nikashona gauni la pili. Jumatatu nikaipeleka barua kwa mwalimu mkuu, mkono kwa mkono. Nilijiandaa kupigana. Alisoma, akavua miwani, akasema mtoto ale leo, makaratasi yatamfuata. Wakaingia darasani wote wawili, na mwalimu kijana akakaa kwenye kiti chake, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Saa sita mpishi aliwapakulia kwa mkono wake. Wali na maharage, sahani mbili zimejaa. Niliwakalisha benchi moja, bega kwa bega, na watoto wengine wakasogea kutazama maajabu. Yule mwenye kidonda akaanza kula. Mwenzake akakaa na mikono mapajani.

"Kula, mwanangu."

Akatikisa kichwa. "Leo si siku yangu," akasema.

Nikamwambia siku zote sasa ni zake. Akaniangalia kwa heshima, kama mtu anayesikiliza lugha ya ugenini, na mate yakamshuka kooni, nikayaona yakishuka. Mwenye kidonda akamgusa kiwiko, akamnong'oneza. Ndipo akachukua kijiko, akala. Na palepale yule wa kwanza akaacha. Akaweka kijiko chini, akafunga mdomo, akaanza kungoja.

Nikamsihi huyu, akala, yule akaacha. Nikamsihi yule, huyu akaacha. Hawakuwa wakaidi. Mmoja alipotafuna, shingo ya mwingine ilikakamaa, kama vile walikuwa na koo moja kati yao.

Mpishi akaacha sufuria zake, akaja akifuta mikono kwenye aproni. Akakaa kwenye udongo upande mmoja, mimi upande wa pili, akachukua kijiko cha mmoja, nami nikachukua cha mwingine. Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukavitia midomoni kwa pamoja. Walikaa na wali mdomoni bila kutafuna, wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ameze kwanza.