Nilimfungia mzee wangu sabufa kwenye Ipsum, mpira wa mgodini nusura uniharibie kila kitu

Wakuu wa magari na muziki, salamu kutoka Kolwezi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nyuzi za sabufa nimezisoma karibu zote, na ubishi wenu wa boksi la kuziba na boksi la tundu umenichelewesha kazini zaidi ya mara moja. Leo na mimi naleta uzi wangu. Ni wa kweli mtupu, maana fundi aliyenifungia nimeshampa link, na amesema nikiongeza chumvi atakuja kuniumbua kwenye comments.

Kiswahili changu mtanivumilia. Nimekiokota humu, na kwa madereva wa malori wanaotoka Tunduma kuja kubeba shaba. Watu wangu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea nyumbani. Hamtapotea.

Haya, tuanze.

Mzee wangu alifanya kazi mgodini tangu ujana hadi kustaafu, upande wa mashine ya kusaga mawe. Anayeijua ile mashine anajua. Ukisimama pembeni yake unaongea na mwenzio kwa mikono. Imetulisha, imetusomesha, na imeondoka na masikio yake.

Haikuyachukua yote kwa mpigo. Ilianza na sauti nyembamba: ndege, simu, kengele ya parokia. Halafu wajukuu. Halafu mama.

Hapo kwa mama ndipo panapouma. Mimi nikisogelea sikio lake la kushoto na kuongea kwa sauti nzito, anadaka maneno mawili matatu. Mama yangu ni wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na hata akiomba chumvi sauti yake iko juu kule. Siku moja mzee aliniambia, bila hasira yoyote, "Mama yako, mi namuona tu anafungua kinywa."

Mama alikuwa amesimama palepale.

Sasa jambo ambalo lazima mlijue: mzee alikuwa mpiga gitaa la besi. Zamani cité, yaani mitaa ya wafanyakazi wa migodi, zilikuwa na bendi zao, na ya kwetu Kapata ilipiga Jumamosi kwenye cercle, ndiyo ukumbi wa wafanyakazi. Wiki nzima anakula vumbi la mawe, Jumamosi anavaa shati jeupe anapanda jukwaani. Gitaa lenyewe liko sebuleni hadi leo, limetundikwa juu ya kabati. Mama hulipangusa vumbi kila siku. Picha zetu za harusi anazikumbuka Pasaka.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, mzee akalishusha mwenyewe ukutani.

"Tata," akaniambia. Kwetu mzazi akikupenda anakuita baba. "Hii gitare uipeleke ku paroisse. Batoto ba chorale bapige. Mi sina tena na kazi nayo."

Mama akaingia jikoni. Sikusikia sufuria wala kijiko huko.

Wakuu, niliogopa. Mzee alikuwa ameshaacha kwenda kwa rafiki zake, ameshaacha kucheka, maana huwezi kucheka kitu usichokisikia. Kilichobaki ni lile gitaa. Niliona wazi kwamba likitoka pale ukutani, yeye atakuwa anakaa tu anasubiri.

Nikamjibu sikioni, "Ngoja kwanza, Tata. Kwiko kitu nataka kutengeneza mu motokari. Nikishindwa, naipeleka."

Akaguna. Kwa mzee wangu, kuguna ni sahihi na muhuri.

Wazo nilikuwa nalo tayari. Sisi tuko jirani na mashimo ya migodi, na wakilipua baruti mabati yanalia. Mzee huo mlio haumfikii. Lakini ndiye anayetangulia kusema, "Bamepiga mine." Anakuwa ameketi mlangoni, peku, nyayo kwenye sementi, na mtikisiko unampanda hadi magotini.

Nikajiambia, kumbe kuna kitu bado kinamfikia. Na kitu chenyewe ni besi, sauti aliyoipiga yeye.

Nikawasha Ipsum yangu, nikaenda Musonoi kwa Trésor, yule fundi.

Trésor ana kibanda kando ya barabara, na sijaona mtu anayependa kazi yake kama yule. Ukimpa gari la kufunga redio, kwanza analizunguka akiligonga gonga na vidole kama daktari anayepima kifua. Nilimweleza hali ya mzee. Akasema, "Ule mzee atasikia. Mi njo Trésor." ("Njo" ya kwetu ni "ndio" yenu.)

Kuhusu muziki wenyewe, mama alinishangaza. Nilimuuliza tu kama kuna kanda yoyote ya bendi ya Kapata iliyobaki duniani. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Chini ya nyuzi na vifungo, kaseti. Ilirekodiwa cercle, watu wakipiga kelele na chupa zikigongana. Mama yangu, mwimba zaburi, aliyetukataza dansi utoto wetu wote! Nilitaka kuuliza, uso wake ukaniambia niache. Nikaipeleka mjini wakaihamishia kwenye flash.

Kazi ikaanza.

Boksi Trésor alilitengeneza kwa mbao za triplex, akaweka tundu la bomba la maji. (Watu wa boksi la kuziba, tutapambana chini huko.) Sabufa moja kubwa kwenye buti, spika mpya milangoni, amplifaya chini ya kiti cha dereva.

Waya ulitutia aibu. Tulinunua mnene, mwekundu, umeandikwa shaba tupu. Trésor akaukwangua kwa kisu, ndani mweupe pee. Aluminiamu iliyopakwa rangi. Wakuu, Kolwezi! Malori ya shaba yanapita mbele ya kibanda usiku na mchana, na sisi tumekaa chini tunatafuta shaba ya kupitisha umeme wa redio. Tulicheka mpaka muuza mikate akaja kuuliza nani kafa.

Sasa njooni kwenye mpira.

Nyie huko mnanunua zile karatasi za gundi za kuzuia gari lisitetemeke. Sisi tuna kitu chetu. Migodini kuna mikanda mipana ya mpira ya kusafirishia mawe. Ikichakaa inauzwa vipande vipande, na hapa kwetu unaikuta kila mahali: zulia la mlangoni, paa la banda la kuku, bawaba za geti. Trésor anaitandika ndani ya magari. Ni mizito, ina nyuzi ndani, inameza mtikisiko wote. Mteja akitoka kwake, kelele za malori na barabara mbovu anaziacha nje. Ndiyo sifa yake mji mzima.

Alitandika sakafu yote, milango, buti, chini ya viti. Kazi safi. Ukipandisha sauti, nje namba ya gari haitikisiki hata kidogo, ndani besi imenyooka. Aliweka chupa ya bia juu ya dashibodi, akafungua muziki, chupa ikatulia tuli. Tulipigana mabega kama tumeshinda fainali.

Nikampeleka mzee garini nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

Alikaa kiti cha mbele. Mama nyuma. Nikaweka ile kanda. Mimi besi ilikuwa inanijaza kifua. Mzee akaangalia redio. Akaniangalia mimi. Akaweka kiganja kwenye dashibodi, akakitoa.

"Imewaka?"

Nikapandisha. Mama akaziba masikio.

"Tata," akasema taratibu, "aiko na kitu."

Akafungua mlango, akatoka, akaanza kwenda nyumbani. Mlangoni akageuka. "Jumapili upeleke ile gitare."

Nilikaa mle garini na muziki unapiga, najisikia mjinga. Mama alinigusa bega kutoka nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza zaidi yangu, na bado ananipoza mimi.

Siku iliyofuata nilikuwa uani na mzee. Anamwagilia mchicha wake, amevaa mabuti ya mpira hadi magotini, amenigeuzia mgongo.

Mgodini wakalipua. Mlipuko wa haja, kuku wakakimbia.

Mzee akaendelea kumwagilia.

Nilisubiri aseme. Hakusema. Nikamfuata, nikamuuliza sikioni, "Tata, bamepiga mine?"

"Lini?"

Nikaangalia yale mabuti. Wakuu, nilijipiga kofi la paji la uso kwa sauti. Mpira! Mtu ambaye anasikia kwa miguu, sisi tumemvalisha gari zima mabuti ya mpira.

Nilirudi Musonoi na Ipsum, nikimkimbiza mwenye pikipiki mbele yangu hadi akanitukana. Trésor aliposikia nataka ule mpira utoke, alikasirika kweli.

"Nitoe kautchu? Itatetemeka yote! Batu batapita hapa batasema Trésor hajue kazi!"

"Yule ambaye atakaa mule haiko batu. Ni Tata."

Trésor akalizunguka gari, akaligonga gonga. Akasema, "Bon. Lakini usiambie mutu ni mi nilifanya." (Samahani Trésor, kanda imevuja.)

Tukabandua mpira wote chini ya kiti cha mbele na miguuni, hadi bati tupu. Boksi tukalitoa kwenye buti, tukalileta nyuma ya kiti cha mzee, tukalifunga kwa nati kwenye sakafu ileile inayoshika kiti. Hakuna kitambaa, hakuna sponji. Spika za milangoni tukazishusha sauti ili mama asipasuke kichwa.

Matokeo yake, kitaalamu, ni uchafu. Kioo cha pembeni kinatetemeka, kisanduku cha dashibodi kinalia, mkanda wa kiti unagonga. Trésor alisikiliza akiwa amefumba macho kwa uchungu.

Jumapili baada ya misa gitaa lilikuwa limeshafungwa kwenye kitenge, tayari kuondoka. Nikamwomba mzee akae garini mara ya mwisho, na avue viatu.

"Na soksi?"

"Na soksi."

Aliingia kwa kunionea huruma tu, nilimwona. Mama nyuma, bado na sare ya kwaya. Nikaweka kanda.

Mwanzo ni gitaa la solo, peke yake. Halina maana kwake, anaangalia ukuta wa jirani. Mwimbaji akaingia. Bado ukuta.

Halafu besi ikaingia.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena. Mzee akainama akaangalia mguu wake mwenyewe, kama ni wa mtu mwingine. Kisha mkono wa kushoto ukapanda taratibu hadi usawa wa bega, vidole vikakunjika, vikaanza kutembea hewani kwenye shingo ya gitaa ambalo halipo.

Nililia wakuu. Sioni sababu ya kuficha.

Lakini moyo wangu wa fundi bado ulikuwa na shaka. Labda anasikia mtikisiko tu. Labda ananifurahisha. Nyimbo za zamani mtu anaweza kuzikumbuka bila kusikia.

Katikati ya wimbo, mzee akakunja uso akajipiga goti.

"Apa! Apa nilikosa!"

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Na kweli, wakuu, besi inateleza pale. Inapotea kidogo, inaruka noti, halafu inarudi mbio kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Nilikuwa nimeisikiliza ile kanda siku zote hizo, sikuwahi kuligundua kosa lile.

Nikamuuliza sikioni, "Ni nini ilikuponyoka, Tata?"

Akacheka. Mzee wangu alicheka.

"Njo pale mama yako aliingia mu cercle. Na robe ya manjano. Vidole bikasahau kazi."

Mama akamtandika begani kutoka nyuma kwa kitabu cha nyimbo.

"Weye! Siku yote unasemaka ulinionaka ku misa!"

Mzee akageuka, akaona kinywa chake. "Anasema nini?"

Nikamrudishia maneno kwa sauti nzito, neno kwa neno.

"Ah," akasema, "ile ya misa ni ya kuambia baba yake."

Kwa hiyo wakuu, mwanakwaya wetu aliwahi kutoroka kwao na gauni la manjano kwenda dansi, na ndiyo maana kaseti ilikaa chini ya vifungo maisha yangu yote.

Gitaa halikwenda parokia. Padri nimemwahidi nyuzi mpya za gitaa lao.

Nilichojifunza: tulitengeneza gari zuri kwa masikio yetu, tukamsahau atakayekaa kwenye kiti. Ukimfungia mtu muziki, muulize kwanza anausikia kwa wapi.

Mwenye mzazi wa namna hii, asimulie chini hapo alifanyaje, nitasoma yote. Na wataalamu wa umeme, nishaurini: niongeze betri ya pili au nibadilishe alternator? Kila Jumapili mzee anakaa kwenye gari lililozimwa injini, peku, gitaa mapajani, shingo ya gitaa imetokeza dirishani, anapiga sambamba na kanda. Jumatatu majirani wananisukuma.

Nimemsihi azime mapema. Hakubali, lazima afike pale pa kukosea. Na akifika, siku hizi anakosea makusudi, halafu anageuka nyuma kumwangalia mama.