Mbegu za Mama Mkamburi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kilimo Voi nilivaa viatu vilivyong'aa. Afisa wa kilimo wa wilaya alivitazama, akacheka, akanipeleka shambani papo hapo. "Bwana shamba asiyegeuza jani ni mpita njia," aliniambia. Chini ya jani la mabenda, yaani bamia, walijaa vidukari, wadudu laini wanaofyonza utomvu.

Afisa huyo ndiye aliyenifundisha kuhusu virusi. Kidukari hufyonza mmea mgonjwa, huruka, huonja mzima, na ugonjwa umeshahama. Majani hutoka mabaka ya manjano na mabenda hukakamaa. Ukipuliza dawa, mdudu hufa akiwa ameshaambukiza. Mmea mgonjwa hung'olewa tu.

Nikatumwa Kishushe, nilikokula vumbi na kupendwa, kisha nikarudishwa Voi. Kando ya mto alilima Mama Mkamburi. Kila msimu aliacha mstari mmoja wa mabenda ukaukie shambani, apate mbegu aliyorithi kwa mamake. Majirani walipanda mabenda mapya mstari huo ukiwa bado umesimama, na vidukari wakavuka kutoka shamba hadi shamba. Mwaka mmoja mstari wote uliugua kabla mbegu hazijakomaa.

"Ung'olewe leo," mkubwa wangu aliamuru.

Nilimweleza mama kwa adabu.

"Bwana shamba, mamangu aliniachia hii mbegu tu. Nikiing'oa nabaki na nini?"

"Ukiiacha, mama, majirani hawatavuna."

"Basi nitang'oa mwenyewe. Wewe usiguse."

Aling'oa mche kwa mche, akachoma. Niliumia, nikajifanya natazama mto.

Msimu uliofuata nilimpelekea pakiti ya mbegu za dukani. Nilimkuta anapanda. Kumbe miaka yote alikuwa akiwagawia majirani mbegu zile, nao walipoona moshi, kila mmoja alimletea konzi ya mbegu. "Hii ni ile ulinipa nikiolewa," mmoja alimwambia. Pakiti yangu niliirudisha mfukoni, na sijawahi kufurahia kukataliwa namna hiyo. Tangu hapo majirani hukuza mbegu kwa zamu, mbali na mashamba ya mtoni, vidukari wasivuke.

Nyinyi maafisa vijana wa kaunti mnapiga jani picha na simu inataja ugonjwa. Mimi nakumbuka wenye mashamba. Siku ya kustaafu, ofisi ilinipa saa ya ukutani. Mama Mkamburi alifungua pindo la leso, akanimiminia mbegu kiganjani.

"Kaa nazo, mwanangu. Siku moja nitakuja kuziomba."

Nazipanda nyumbani kwangu Mwatate kila msimu. Ndiyo kazi yangu sasa, na hakuna mkubwa wa kunihamisha.