Seva Niliyomtegea Meneja

Mwajiri wangu aliponiambia kazi ni ya yadi ya makontena kule Makupa, Mombasa, nilisema sawa kabla hajamaliza maneno. Alidhani nimeipenda mashine. Na kweli ilikuwa mashine ya kupendeza: seva yenye kadi nne za GPU za kuchambulia picha, ya kutazama kamera thelathini na mbili kwa wakati mmoja na kupiga king'ora kila mtu akatizapo nyuma ya foklifti kubwa za kunyanyulia makontena. Lakini furaha yangu haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya mtu niliyejua nitamkuta huko.

Miaka miwili nyuma nilikuwa mwajiriwa wa yadi hiyohiyo. Nilitunza kompyuta za ofisi na kinasa picha cha kamera, katika chumba kidogo kilichokuwa zamani stoo ya kamba. Meneja alikuwa na tabia moja. Kila akitoka saa kumi alasiri, alizima kiyoyozi cha chumba kile kwa mkono wake mwenyewe, ili bili ya stima ikimfikia mwenye yadi Nairobi ionekane ndogo, naye asifiwe. Nilimwonya zaidi ya mara moja.

"Bosi, mashine hii haitoki saa kumi kama sisi. Itapikika."

"Binti," akanijibu siku ya mwisho niliyomwambia, "mimi nilikuwa kazini wewe ukiwa bado wafundishwa kuwasha kompyuta."

Mwezi wa Machi, joto la kaskazi likiwa limekwama kisiwani, ikapikika. Mwenye yadi akapanda ndege akaja. Meneja akatukusanya sote uwanjani, akaninyooshea kidole akasema nimechezea nyaya nisizozijua. Nilifungua mdomo nijitetee, akaniambia ninyamaze mbele ya wakubwa. Nikafutwa papo hapo. Langoni akaamuru mkoba wangu upekuliwe, kisha akamwambia mlinzi wa kike aukung'ute hata mtandio wangu, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakingoja zamu zao. Mtu mmoja tu ndiye aliyesogea: karani wa uwanjani, mama wa makamo, mtu wa bara, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka na daftari akisoma namba za makontena. Aliniokotea vitu vyangu vilivyomwagika, akanishika mkono hadi barabarani.

Mji wa Kale ni mdogo. Habari ilifika kabla sijafika mimi. Mwezi huohuo tulikwenda harusini, na bibi mmoja mwenye marashi mengi akamuuliza mama yangu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Huyu ndiye yule aliyechoma mashine ya watu?" Mama aliendelea kula biriani kana kwamba hakusikia. Nilimwona mkono ukichota sahani iliyokwisha kuwa tupu. Kila niombapo Mungu anipe subira, mkono ule hunijia, na subira haiji.

Basi nikarudi Makupa na kasha la seva nyuma ya pikapu, na shati lenye jina la kampuni mpya kifuani. Meneja alinitambua. Alicheka.

"Aa, umerudi! Safari hii usituchomee tena."

"Inshallah, bosi," nikasema, nikainamisha macho kama mtu mwenye adabu zake.

Matayarisho yalichukua siku sita. Siku ya kwanza nilizipachika kadi, nikaweka mfumo endeshi. Siku ya pili nilipoiwasha upya kadi zote nne zilikuwa zimepotea. Mashine haizioni, kana kwamba hazikuzaliwa. Kumbe mfumo ulikuwa umejisasisha wenyewe, ukaacha programu ya kuendeshea kadi nyuma. Nikaondoa kila kitu, nikaanza upya, nikafunga mlango wa masasisho. Kisha ukaja ucheleweshaji. Kamera zilionekana vizuri, visanduku vya kijani vikimzunguka kila mtu na kila gari, lakini picha ilikuwa nyuma ya ukweli kwa sekunde nne. Katika sekunde nne tairi la foklifti humfikia mtu, likampita. Kumbe kazi ya kufungua picha za kamera ilikuwa imebebeshwa prosesa ya kawaida ya kompyuta badala ya kadi. Nikaihamisha. Ucheleweshaji ukashuka hadi chini ya nusu sekunde, na karani yule, aliyekuwa amesimama uwanjani mbele ya kioo cha kompyuta yangu na daftari lake, akainua mkono kwa majaribio na kukiona kisanduku chake kikiinua mkono papo hapo.

"Kumbe itaniona hata mimi mfupi hivi!" akasema akicheka.

"Itakuona, dada. Hata ukijikuna."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa.

Siku ya tano nikamwomba meneja kamera moja zaidi, ya thelathini na tatu, ndani ya chumba cha seva. Nikamwambia ni kwa usalama wa mashine. Akasaini bila kuuliza. Nikaielekeza kwenye swichi ya kiyoyozi. Nikachomeka kipimajoto kinachoandika joto la chumba kila dakika. Nikaipangia seva kwamba joto la kadi likipita kiwango, ijizime yenyewe kabla haijaungua, kwa maana sikutaka mashine idhurike. Nilimtaka yeye. Na katika karatasi za makabidhiano nikaandika kwamba kiyoyozi kisizimwe kamwe. Niliiandika ukurasa wa tisa, katikati ya orodha ya namba za nyaya, mahali ambapo nilijua jicho lake halitafika, naye akasaini bila kusoma.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho fundi mwangalifu angekiweka: kengele ya kuwajulisha watu wa uwanjani kwamba mashine imelala, wasiitegemee. Nilikifikiria. Nikaona kwamba kengele hiyo itamrudisha meneja naye, akiwashe kiyoyozi na jambo liishe kabla halijamfikia mwenye yadi. Sikukiweka.

Nyumbani mama aliniona nikiimba jikoni.

"Yule meneja yuwajua ni weye uliyefanya kazi hiyo?"

"Yuwajua."

"Na una nini moyoni, mwanangu?"

"Sina kitu, mama. Nafanya kazi."

Akarudi kwenye nazi yake.

Mwenye yadi alikaa Mombasa wiki mbili kuitazama seva ikifanya kazi, na kwa wiki hizo mbili kiyoyozi hakikuzimwa. Watu wa uwanjani walianza kukizoea king'ora. Waliacha kugeuka nyuma kila hatua. Sikio lilikuwa likiwafanyia kazi ya macho. Kisha mwenye yadi akarudi Nairobi, na Jumatatu iliyofuata, jioni, simu yangu ikalia. Mashine imekufa, akaniambia msimamizi wa uwanjani. Na karani ameumia.

Nilimkuta hospitalini, mguu wa kushoto umefungwa hadi gotini. Alikuwa amepita nyuma ya foklifti kusoma namba ya kontena, hakusikia king'ora, akadhani njia ni salama. Dereva aliona fulana yake ya njano kwenye kioo cha pembeni akashika breki, lakini tairi lilikuwa limeshamkanyaga vidole. Viwili vilivunjika. Buti la chuma ndilo lililomwachia vilivyobaki.

"Kile kitu chako kilinyamaza," akaniambia. Hakuniambia kwa lawama. Aliniambia kama mtu anayempasha fundi habari.

Nilimshika mkono, nikamwekea mto chini ya mguu.

Asubuhi yake tulikusanywa uwanjani, na mwenye yadi alikuwa ameshafika kwa ndege ya kwanza. Meneja akasimama palepale aliposimama miaka miwili nyuma.

"Niliwaambia huyu binti si fundi," akaanza. "Mara ya pili hii—"

"Naomba kusema," nikamkata.

Safari hii mwenye yadi alinipa ruhusa. Niliigeuza kompyuta yangu waione wote. Kwenye kioo palikuwa na chumba cha seva, saa kumi na dakika nne alasiri. Mlango ukafunguka. Meneja akaingia, na kisanduku cha kijani kikamzunguka kichwa hadi miguu, kikamfuata hadi ukutani. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi, akatoka huku akijipangusa kiganja kwenye suruali. Chini ya picha mstari wa joto ulipanda kama ngazi, na saa kumi na moja kasorobo ukakatika. Nikairudia. Nikairudia tena, pole pole, ingawa kila mtu alikuwa ameshaona. Halafu nikafungua ukurasa wa tisa nikamwomba meneja ausome kwa sauti, na sahihi yake chini. Alianza, akaishia katikati. Nikamwambia asome hadi mwisho.

"Na ile mashine ya kwanza?" mwenye yadi akamuuliza.

Alikuwa akitazama viatu vyake. Nilitamani mlinzi aambiwe ampekue, nami nisimame nitazame. Hakuambiwa. Meneja aliondoka adhuhuri hiyo kwa miguu yake, hana kazi, na habari zikafika Mji wa Kale kabla ya magharibi. Yule bibi wa marashi alimpigia mama simu kumpa hongera. Mama alimjibu vizuri, akakata, akacheka mpaka akaketi chini. Nilicheka naye. Sitajifanya kwamba sikucheka. Yalikuwa matamu kama nilivyoyangoja.

Miezi kadhaa baadaye nilimwona meneja ufukweni kule Mama Ngina, yeye na mkewe, wakinunua mihogo ya kukaanga. Aliniona akageuza uso, akamvuta mkewe mkono wakaenda zao bila mihogo. Nikasimama kwenye foleni mahali pao, nikala, na pilipili ikanikolea. Simsamehe. Alinipekua nguo mbele ya watu, akamfanya mama yangu achote sahani tupu harusini.

Lakini kuna la karani. Alikaa Ganjoni, ghorofa ya tatu, na kwa wiki sita nilikuwa nikimpelekea matunda na kumsaidia kushuka ngazi. Siku moja nilimwambia. Nilimweleza ukurasa wa tisa, nikamweleza kamera, nikamweleza kengele ambayo sikuiweka na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua atazima," akasema.

"Nilijua."

"Ukajua tunaitegemea."

"Sikufikiria ni wewe."

"Ungefikiria ni nani, sasa?"

Aliniambia niende, atanipigia. Hakunipigia. Niliagiza fundi wa stima aing'oe ile swichi ya kiyoyozi, nikaweka kengele niliyopaswa kuiweka tangu mwanzo, ili mashine ikinyamaza uwanja mzima upige kelele. Karani alirudi kazini akichechemea kidogo. Kila baada ya miezi mitatu naenda kuikagua seva, naye hunisalimia vizuri, huniuliza habari za mama. Kisha huchukua daftari lake akaingia baina ya makontena, na kabla hajapita nyuma ya foklifti husimama, akageuka, akatazama kwa macho yake mwenyewe.