Nilivyokosea habari ya Reubeni kule Mogitu

Asubuhi niliyokosea tulikuwa watu watano uani: mdogo wangu Mchungaji Elia, ambaye ni mwalimu wa chuo cha Biblia; mwanafunzi wake Gidamis; Mama Naomi, mwenye nyumba tuliyofikia; Mzee Gidahoda, ambaye ni baba yake Gidamis na si Mkristo; na mimi.

Nilisafiri kwa ajili ya utaratibu wa Elia. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la nne, nikabaki na wadogo watatu, naye ndiye wa mwisho. Alianza uinjilisti Dongobesh, akabarikiwa uchungaji, akapelekwa kusoma mbali, akarudi kufundisha wachungaji. Aliporudi akaona wanafunzi wanahubiri maneno ya vitabuni, akaweka sharti. Mwanafunzi anayemaliza huhubiri mbele yangu, na kesho yake asubuhi mimi husimulia nilichoshika.

"Kinachobaki baada ya usingizi ndicho alichohubiri," husema.

Gidamis alikuwa ameshindwa mara moja. Alijaza Kigiriki katika mahubiri, nami sikushika hata jina la kitabu. Kama angeshindwa tena, angerudi kuchunga ng'ombe, na usharika wa Mogitu, uliomngoja miaka yote ya masomo yake, ungebaki bila mchungaji.

Jumamosi alfajiri, nyumbani kwangu Endagikot. Nilikamua, nikamwachia jirani maziwa na funguo, tukaondoka na Elia.

Saa tatu tulikuwa Dongobesh. Zamani mazao yetu yalikwenda ushirika tu. Sasa wanunuzi walikuwa wamejipanga barabarani, kila mmoja na mizani yake, wakiitana na wakulima. Tukapata lori la vitunguu saumu lililokuwa likishuka Dareda na kuendelea Katesh.

"Dada, wewe kaa mbele," Elia alisema. "Mimi nitapanda juu ya magunia."

"Mchungaji," dereva akasema, "Mogitu watakunusa kabla hawajakuona."

Saa saba tulishuka mteremko wa Dareda taratibu, mguu wangu ukikanyaga breki ambayo haikuwapo. Bonde lote lilikuwa chini yetu, na mbele Mlima Hanang umevaa wingu. Njiani niliona ofisi moja ambayo kibao chake bado kilisema Mkoa wa Arusha, ingawa mkoa wetu mpya wa Manyara ulikuwa umeshazaliwa.

Mogitu tulifika saa kumi. Mama Naomi alituwekea ugali na maziwa ya mgando. Gidamis alikuja kuniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Siku tatu sijalala."

"Basi kesho usituamshe na Kigiriki."

Hakucheka.

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee Gidahoda hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, shuka begani, akiegemea fimbo yake. Gidamis alihubiri habari za Yusufu na ndugu zake, bila karatasi, nami nilisikiliza kwa makini kuliko siku zote. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha kwa ajili yake.

Jumatatu asubuhi tukakaa uani. Mzee Gidahoda alikuja pia, akasema amepita tu. Nikaanza. Nilieleza ile kanzu, ndoto, na wale ndugu waliomtupa mwenzao shimoni. Nikafika kwa Reubeni, mzaliwa wa kwanza.

"Reubeni akarudi shimoni," nikasema, "akamtoa mdogo wake, akampeleka nyumbani kwa baba yao."

Gidamis aliinamisha kichwa. Elia aliandika kitu kwenye daftari lake, na nilimjua mdogo wangu: hawezi kumpitisha mtu kwa huruma. Nilijua nimeharibu, sikujua wapi.

"Hapana," Mzee Gidahoda akasema. "Kijana hakusema hivyo."

"Alisemaje, mzee?" Elia akauliza.

"Alisema shimo lilikuwa tupu. Mkubwa alikuwa na nia ya kumtoa, lakini aliondoka kwanza, na aliporudi mdogo ameshauzwa. Akararua nguo. Kijana akatuambia: ukitaka kumwokoa mtu, usiondoke hapo. Hakutuambia huyo mkubwa alikwenda wapi. Mimi nadhani alikwenda kunywa. Mtu wa mifugo haachi shimo hivyo."

Kisha akasimulia yote tangu mwanzo, kwa mpangilio, hata pale Gidamis alipokohoa.

"Mzee, na wewe ulisema hutasikiliza," Mama Naomi akamwambia.

"Nilikuwa nimesimama. Masikio yalikuwa yamesimama na mimi."

Elia alifuta alichoandika. "Gidamis, umepita," akasema, akanigeukia. "Dada, mimi sijauzwa. Nipo hapa."

Nikacheka mpaka nikajifuta macho kwa kanga.

Tulipokuwa tukiaga, mzee alinizuia kwa fimbo. "Mama, kazi yako nimeifanya mimi. Una deni. Utakuja ukae siku nzima, nikutajie ng'ombe wangu mmoja mmoja, na mama zao, na mama za mama zao. Utalala. Asubuhi utanisimulia wote."

"Nikikosea?"

"Utakaa siku nyingine."

Jumanne jioni nilikuwa nimerudi Endagikot. Nilijifunza kuwa masikio niliyoyaamini miaka yote husikia kwanza yanachokitaka, na nimemwambia Elia atafute msikilizaji wa pili. Amekubali.

Gidamis sasa ndiye mchungaji wa Mogitu. Baba yake bado husimama dirishani. Mavuno mawili yamepita sijaenda kulipa, na juzi dereva wa vitunguu aliniletea salamu za mzee: ndama saba wamezaliwa, nao nitatakiwa kuwataja.