Asante Iliyokaa Mfukoni mwa Shati

Naikumbuka Jumamosi niliyovuka kivuko cha Kigongo nikiwa nimekunja shati jipya la mume wangu kwenye mfuko, naenda kugombana na mwanamke nisiyemjua hata kwa sura, kwa kosa la kumwandikia mume wangu asante.

Usicheke kwanza, mwanangu. Umeniambia unataka kuuza viatu kwa simu, na umeniuliza ufanyeje ili mteja akishanunua mara moja asipotee. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili, lakini maneno mawili husahaulika chai ikiwa bado ya moto. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Wakati huo hakukuwa na daraja, na mimi nilikuwa nimevuka thelathini juzi juzi tu. Nilikuwa na fremu yangu Igoma, nashona magauni na sare za kwaya, na mshono wangu ulisifiwa mpaka makanisa ya Igogo. Mume wangu, Baba Sayi, aliendesha lori la simenti. Karibu kila wiki alikuwa anavuka kwenda upande wa Sengerema na Geita. Simu za kupangusa ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kushikwa na kila mtu, na watu wakaanza kuuza nguo kwa picha. Na mimi nikaweka picha za magauni yangu. Wateja wakaja, wakalipa, wakapokea mizigo yao, wakapotea. Sikujiuliza sana. Nilikuwa nimelelewa na ule msemo kwamba kizuri chajiuza, nikaamini kazi yangu ilikuwa kushona vizuri, mengine yatajipanga.

Basi siku moja bodaboda akaleta kifurushi nyumbani, Baba Sayi akiwa safarini. Jina lilikuwa lake. Nikakifungua, maana katika nyumba yangu sikujua kama kuna kifurushi kisicho changu. Ndani kulikuwa na shati la bluu mpauko lenye mistari myembamba, limepigwa pasi vizuri. Mfukoni mwa shati kulikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono: "Baba Sayi, asante kwa kurudi tena. Ulisema kola ya lile la kwanza inakubana ukigeuka kuangalia kioo cha pembeni, nimekutafutia hii pana. Safari njema. Kabula, Sengerema."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nimekaa.

Kwanza kulikuwa na hilo neno "tena". Halafu, mume wa fundi kununua shati nje. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakusema gae lenyewe ataliagiza kwa mwanamke wa ng'ambo. Kilichoniuma kuliko vyote ilikuwa shingo. Shingo ile naijua kwa futi kamba na naijua kwa mkono. Huyu Kabula alijuaje kwamba inabanwa, na mimi ninayelala naye sijui?

Nikafungua kabati. Shati la kwanza lilikuwepo, limekaa katikati ya mengine kama mgeni aliyezoea nyumba. Nikaitazama kola kwa ndani. Kweli, upande wa kulia kitambaa kilikuwa kimelika kwa kusuguana na ngozi. Nililifua lile shati kwa mikono yangu na sikuona.

Kisha nikafanya kosa la kufungua ukurasa wake kwenye simu. Wateja wake walikuwa wanaonyesha karatasi kuliko nguo. Mwalimu wa Geita amepiga picha ya karatasi aliyoandikiwa, akiulizwa kama wanafunzi wake wameizoea sketi mpya. Mama wa Musoma ameonyesha yake, amepewa pole ya msiba na vifungo vya akiba. Na chini ya picha wanaandika kwamba hawanunui kwingine. Nikahesabu wangapi kati yao walishawahi kuwa wangu. Mwalimu yule gauni lake la ubatizo nilimshonea mimi, mwanangu. Lilimkaa kama ngozi, na sikumsikia tena.

Wivu wa mke ulinichoma asubuhi. Jioni ukaja wivu wa biashara, na huo wa pili, nitakuambia ukweli, ndio ulioninyima usingizi.

Jumamosi nikavuka. Lakini ugomvi wa mtu mmoja haunogi, kwa hiyo nikapitia Busisi kwa mama mkwe wangu nimchukue twende wote. Mama huyo aliuza dagaa pale karibu na kivuko kwa miaka mingi, na nilijua akisimama mbele ya mtu hakuna anayebaki na neno. Nilimkuta anapima dagaa kwa sado. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa mteja.

Nikamweleza yote. Nikamtolea shati, nikamtolea na karatasi. Hakujua kusoma sana, akaniambia nimsomee. Nikasoma, nikingoja awake.

Akauliza, "Shati linamkaa?"

"Hajalivaa, mama. Lakini litamkaa."

"Kola pana?"

"Pana."

"Basi huyu binti kosa lake nini? Kumwona mwanangu anabanwa?"

Wanawake wa dagaa waliokuwa jirani wakacheka. Mmoja akasema fundi wa Igoma amekuja kushtaki shingo. Nilitamani maji ya ziwa yanimeze.

Mama mkwe hakucheka. Aliniambia nikae kwenye ndoo iliyofunikwa, niangalie. Akaja mteja, akanunua sado moja. Mama akapima, akasawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu akachota konzi nyingine pembeni, hakuimimina pamoja na ile iliyopimwa, akamshikisha mkononi, akasema, "Hii ya mama yako aliyebaki nyumbani, mwambie mguu upone." Yule mteja akaondoka anatabasamu peke yake njiani. Akaja mwingine, yeye akapewa konzi ya mtoto aliyeanza shule. Hakuna aliyeondoka bila konzi, na hakuna konzi iliyotoka bila jina la mtu.

Nikamwambia kwamba nyongeza kila mtu anatoa. Akanijibu kwa upole ulionikata kuliko matusi:

"Unatoa lini wewe? Mimi nimekaa kwenye fremu yako siku nzima. Mtu anachukua gauni, wewe macho yako kwenye cherehani, unasema haya, karibu tena. Unasema kizuri chajiuza. Sawa, kinajiuza mara moja. Mara ya pili anauza mtu, si kitu."

Kisha akainuka, akajifunga khanga, akasema sasa twende Sengerema, maana na huyo binti ana la kuambiwa.

Kabula alikuwa binti mdogo, hajafika hata ishirini na tano, anaishi chumba kimoja na marobota ya mitumba, anachagua moja moja, anafua, anapiga pasi. Alituamkia kwa heshima mpaka chini. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mrembo wa kutisha. Nilimkuta mtoto mwenye vidole vilivyobabuka kwa sabuni, na hilo halikunipunguzia wivu hata kidogo. Mrembo ningeweza kumsingizia urembo. Kwa huyu sikuwa na la kusingizia.

Mama mkwe alipomwambia mimi ni nani, uso wake ukang'aa. "Kumbe ndiye wewe mama Sayi fundi," akasema. "Baba Sayi alisema mke wake anashona kuliko wote Igoma, hana nafasi ya kumshonea yeye kwa sababu ya wateja."

Mama mkwe akanitazama. Nikatazama pasi.

Na kwa Kabula pia mama mkwe alikuwa na lake. Akamwambia: "Mwanangu, mkono wako mzuri. Lakini nyumba ina watu wawili mlangoni. Ukimshukuru mmoja ukamruka mwenzake, asante yako inaingia ndani kama mwizi. Mimi nikitoa konzi, naitoa kwa aliyebaki nyumbani, kwa sababu aliyekuja tayari ameniona." Binti akaelewa upesi. Akaomba radhi bila kujitetea, na kabla hatujaondoka akanipa kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau, akasema kwa Kisukuma wabeja, asante kwa kuja, mama. Nilikipokea. Kichwani mwangu nilikuwa bado nagombana naye.

Tangu hapo kila kifurushi chake cha mwanamume kinakuwa na kitu kidogo cha aliyebaki nyumbani, na watu wanampenda zaidi. Unaona jinsi nilivyomsaidia. Nilivuka ziwa kwenda kumfunga mdomo, nikamwachia na funguo.

Mimi nilirudi Igoma, nikamkabidhi Baba Sayi shati lake na karatasi yake mfukoni, nikaanza na mimi kuwaandikia wateja asante. Mwanzoni nilifanya kivivu: nikachapisha vikaratasi vingi vinavyofanana, asante mteja wetu mpendwa, karibu tena. Havikuzaa kitu, nilivikuta vimetupwa nje ya fremu yangu mwenyewe. Ndipo nikaanza kuuliza na kusikiliza. Nikaweka akilini nani ana harusi, nani gauni lake ni la kwanza baada ya uzazi. Kipande cha kitambaa kilichobaki nikashonea kibanio cha nywele cha binti wa mteja. Mwalimu wa Geita alirudi kwangu kwa gauni moja. Sketi bado anachukua kwa Kabula.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nimekonda vya kutosha kwa niaba yako.

Ukiuza kiatu, kumbuka mguu. Mteja akikuambia kidole chake kidogo kinauma, hilo ndilo la kuandika, si mpendwa wala mheshimiwa. Andika kwa mkono wako, hata kama mwandiko ni mbaya. Maneno mafupi. Usimsifu mtu umbo, hasa kama hujui nani atakayefungua kifurushi. Sifia safari yake, kazi yake, mtoto wake. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tia na kitu, hata kamba za akiba, lakini kiwe kidogo. Zawadi kubwa humtisha mtu, anahisi unamdai. Na usiandike asante halafu chini yake ukamwomba anunue tena. Hiyo si asante, ni bakuli la ombaomba. Mpokee pia aliyebaki nyumbani. Na yule wa nyumbani mwako umshonee kwanza, mwanangu, kabla hujawashonea watu, nakuomba sana.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe wateja wenye kumbukumbu, na wewe akupe kumbukumbu kuliko wao. Viatu vyako viwafikishe watu nyumbani salama, na jina lako litangulie mlangoni kabla ya kifurushi.

Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, daraja limejengwa, na Baba Sayi ameacha lori. Mashati yake nashona mimi yote, kola pana, na kila nikimaliza moja naweka karatasi mfukoni: nimemwandikia habari ya goti lake, habari ya wajukuu, asante kwa hili na lile. Anasoma, anatabasamu, anaikunja. Juzi nilipokuwa napeleka koti lake la kanisani juani nilipapasa mfuko wa ndani, nikaikuta karatasi ya Kabula, imekunjwa vilevile, imelainika kama kitambaa. Niliirudisha. Zangu sijui anaziweka wapi.